Kisarawe na Kibaha: Njia ya Mizigo Isiyo Yetu

KIPAWA

Abiria karibu wote wanaotoka Jengo la Tatu la Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere huelekea mjini. Masanduku hupangwa kwenye buti, mfuko wa dyutifrii hupakatwa ili chupa isigongwe, na teksi huingia Barabara ya Nyerere kuifuata foleni. Mimi nilishika upande wa pili wa barabara hiyohiyo, unaokwenda Gongo la Mboto, Pugu na hatimaye Kisarawe. Wilaya mbili za Mkoa wa Pwani, Kisarawe na Kibaha, hupitiwa kila siku na mizigo mingi isiyolipiwa ushuru kuliko inayouzwa katika maduka yote ya uwanja huu. Hakuna anayeiita dyutifrii, lakini yote ni watoto wa sheria moja.

Ule mfuko wa mapajani unastahili kutazamwa kwa karibu. Ni wa plastiki inayoonyesha ndani, una mpaka mwekundu pembezoni, na mdomo wake una gundi ambayo ikibanduliwa huacha alama isiyofichika. Risiti hukaa ndani ikitazama nje, ili afisa wa uwanja mwingine asome tarehe na mahali chupa iliponunuliwa bila kugusa kitu. Mfuko huo ulizaliwa na hofu. Agosti 2006 polisi wa Uingereza walitangaza kuwa wamezima njama ya kulipua ndege za kwenda Amerika Kaskazini kwa vilipuzi vya majimaji, na kilichofuata ni kanuni kwamba, katika viwanja vingi, abiria hapiti ukaguzini na kimiminika kwenye chombo cha zaidi ya mililita 100. Maduka ya viwanjani yangeweza kufa kwa amri hiyo. Anayeunganisha ndege angenunua wapi chupa ya lita nzima, wakati mbele yake kuna ukaguzi mwingine? Kilichoyaokoa ni mfuko huo: usipofunguliwa, na risiti ikasomeka, chupa huvuka.

Duka lenyewe lina umri mkubwa kuliko hofu hiyo. Mwaka 1947 ndege za kutoka Ulaya kwenda Marekani zilikuwa hazifiki kwa pumzi moja. Zilitua Shannon, magharibi mwa Ireland, kujaza mafuta. Bwana mmoja aliyesimamia vyakula uwanjani hapo, Brendan O'Regan, aliona jambo ambalo wenzake hawakuliona. Abiria anayenyoosha miguu pale ameshaondoka alikotoka na hajafika aendako. Whisky atakayoinunua haitanywewa Ireland. Basi kwa nini Ireland imtoze ushuru? Bunge likapitisha sheria ya uwanja huru mwaka huohuo, na duka likafunguliwa. Dubai ilipofungua lake Desemba 1983, iliwaita Waairishi waje kulipanga.

Serikali husamehe ushuru kwa sababu moja tu: kitu hakibaki. Tanzania yenyewe ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, wasafiri walitakiwa kuiacha mifuko yao uwanjani, ila vile vifuko vidogo vya kubebea dawa ya meno na mafuta viliruhusiwa, kwa kuwa mgeni alitarajiwa kuondoka navyo. Kwa hoja hiyohiyo hupita chupa ya abiria na kontena la futi arobaini.

KISARAWE

Baada ya Gongo la Mboto ardhi huanza kuinuka. Aliyezoea Dar es Salaam, iliyo sawa kama sinia, hushangaa kuona barabara ikipinda na kupanda. Vilima vya Pugu vina udongo mweupe wa kaolini, ule wa kutengenezea vyombo vya kauri, na nyuma yake msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, mabaki ya msitu wa pwani ambao mkaa wa jiji umeutafuna kwa miongo mingi. Upepo ni mwingine kabisa. Unatoka kwenye jasho la Kipawa na dakika chache baadaye unafunga kifungo cha juu cha shati.

Pugu ni mwisho wa safari kwa wengine. Ng'ombe wanaoletwa na malori kutoka mikoa ya bara hushushwa kwenye mnada wa hapo, na wengi wao hawatokei tena upande wa pili. Pugu ni mwanzo pia: hapa ndipo Rais John Magufuli alipoweka jiwe la msingi la reli ya kisasa tarehe 12 Aprili 2017. Treni za abiria zilianza kwenda Morogoro Juni 2024 na Dodoma mwezi uliofuata. Reli ya zamani, ile ya Wajerumani iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, inapita jirani tu, na ukisimama mahali pazuri unaziona zote mbili, moja imekaa chini ikiuzunguka mlima kwa adabu, nyingine imenyanyuliwa na zege na haitaki kuzunguka chochote.

Mji wa Kisarawe ni mdogo, wa bomani na sokoni, wenye mafenesi makubwa yanayoning'inia kwenye mashina nyuma ya nyumba. Wamisionari wa Kijerumani walijenga hapa miaka ya 1890. Waanglikana walikuja baadaye na chuo chao cha Minaki, kilichohamishwa kutoka Kiungani, Unguja, miaka ya 1920. Nadhani wote walipenda kilima kwa sababu ileile: mbu wachache.

Mama lishe mmoja karibu na stendi alikuwa akitwanga kisamvu. Majani machanga ya muhogo yaliingia kwenye kinu machache machache, na kila alipoona yamelainika alimwaga kiganja cha maji na kugeuza kwa mchi bila kuinua kichwa. Kisha yakachemshwa kwa muda mrefu, maana kisamvu kilichoharakishwa humlaza mtu na tumbo, ndipo yakatiwa tui la nazi. Kikaja na ugali wa muhogo na kipande cha kambale mkavu. Nilipomuuliza kama wageni wa nchi jirani hupita hapa, alicheka. "Wanapita, baba, lakini hawashuki."

Zamani walikuwa wakishushwa. Nchi hii ni ya Wazaramo, na misafara iliyotoka pwani kwenda Unyamwezi na Ujiji ilipita humu kwa kutoa hongo. Mkubwa wa eneo, aliyeitwa pazi, alituma watu wake njiani. Msafara ulisimama, nguo, shanga na nyaya za shaba zikahesabiwa, mazungumzo yakachukua siku au zaidi. Richard Burton na John Speke walipita Uzaramo mwaka 1857 wakilifuata bonde la mto Ruvu, ambao wao waliuita Kingani, na Burton akajaza kurasa kwa manung'uniko juu ya hongo hiyo. Ajabu ni kwamba huko walikotoka pwani, bidhaa zile zile zilikuwa zimeshatozwa ushuru wa asilimia 5 wa Sultani wa Zanzibar, ambao kwa miaka mingi ulikusanywa kwa mkataba na nyumba ya wafanyabiashara wa Kihindi ya Jairam Shivji. Ushuru wa Sultani Burton hakuuona kero. Wa pazi, aliyekuwa na njia, maji na usalama wa kulinda, aliuona ni unyang'anyi. Kwangu mimi pazi alikuwa na hoja nzuri kuliko ya Sultani.

MANEROMANGO NA MZENGA

Barabara ya kwenda Maneromango hupita katikati ya mikorosho. Kivuli chake ni kizito na chini hakuoti kitu, hivyo watoto wanaotoka shule hukifanya uwanja. Jioni niliyofika palikuwa na mwali anayetolewa nje. Wanawake walikuwa wamezunguka nyumba, ngoma ikipigwa kwa vipindi, na wageni wa kiume tukaambiwa kwa upole tukae mbali kidogo. Mafunzo ya mwali wa Kizaramo yalikuwa na kinyago chake, mwana hiti, kipande cha mti chenye kichwa na kiwiliwili bila mikono wala miguu, ambacho binti alikitunza kama mtoto kwa muda wote aliokuwa ndani. Vingi vya kale sasa viko kwenye makabati ya kioo ya majumba ya makumbusho ya Ulaya. Navyo viliondoka kupitia bandari, na sidhani kama kuna aliyevilipia ushuru.

Usiku ngoma ikageuka mdundiko ukatoka barabarani, mstari mrefu wa watu wakienda kwa mwendo wa kuburuza miguu, bodaboda zikizimwa taa pembeni kungoja upite. Haukuwa na haraka.

Asubuhi iliyofuata njia ilirudi kaskazini hadi Mzenga, na hapo ikakutana na reli ya TAZARA. Kituo ni jengo la Kichina la miaka ya 1970, kuta nene, madirisha mapana, jina limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye zege. Pembeni yake wanawake huuza mihogo ya kuchoma na mayai ya kuchemsha, chumvi imefungwa kwenye vipande vya gazeti. Treni ya mizigo ilipita polepole ikitokea upande wa Zambia. Kwenye mabehewa ya wazi kulikuwa na shaba, mabamba bapa yaliyopangwa na kufungwa kwa mikanda ya chuma, ya rangi ya udongo mwekundu uliolowa.

TAZARA ina kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi. Ilijengwa kati ya 1970 na 1975 na kukabidhiwa 1976, kwa sababu Zambia haikuwa na bahari na mlango wake wa kusini ulikuwa mikononi mwa walowezi wa Rhodesia waliojitangazia uhuru 1965. Shaba ile hailipi ushuru wa Tanzania, ingawa inakatiza Kisarawe nzima. Haikuuzwa hapa, haitayeyushwa hapa. Ni abiria anayeunganisha, tofauti ni kwamba haruhusiwi kunyoosha miguu. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye benchi la kituo aliitazama hadi behewa la mwisho. Alipoulizwa kama kijiji kinapata chochote kutokana na reli, alijibu kwa kuhesabu vidole: duka, zahanati iliyo karibu, na vijana waliopanda wasirudi.

MLANDIZI

Ukitokea Mzenga, unafika Mlandizi kwa mlango wa nyuma. Ghafla kuna lami, kuna honi, kuna wauza machungwa wanaoyapanga piramidi na kuyamenya kwa kisu kimoja kirefu ngozi ikitoka bila kukatika. Hii ni Barabara ya Morogoro, na yanayopita juu yake ni nusu ya bara: malori yenye namba za Zambia, za Rwanda, za Kongo, na matangi ya mafuta yenye maandishi ya hatari ubavuni. Mtambo wa maji wa Ruvu Juu upo hapa pia, na bomba lake linakwenda kuinywesha Dar es Salaam.

Katikati ya malori hupita magari madogo yasiyofanana na ya wenyeji. Viti vyake bado vimefunikwa nailoni, vioo vina karatasi zilizobandikwa, na sehemu ya namba ina kibao cha muda. Watanzania huyaita IT, yaani in transit. Yameshushwa bandarini yakitokea Japani au Uingereza, na yanaendeshwa na madereva wa kukodi hadi Tunduma au mipaka mingine, kwenda kwa wenyewe Zambia, Malawi au Lubumbashi. Ushuru wa Tanzania hayalipi, lakini nyuma ya kila moja kuna dhamana iliyowekwa na wakala wa forodha: gari lisipotoka nchini ndani ya muda uliowekwa, dhamana inaliwa.

Dereva mmoja wa IT alikuwa amesimama kula chipsi mayai. Alikaa akiliangalia gari lake muda wote, na mkono wenye uma ulikuwa unasimama hewani kila mtu alipolikaribia. Kubeba abiria ni kosa, kila mmoja barabarani anajua, na kila mmoja barabarani anajua pia kuwa mtu akikwama Mlandizi usiku wa sikukuu huuliza kwanza kama kuna IT inayokwenda Mbeya. Huyu alisema habebi. "Siti za nyuma zinatakiwa zifike na nailoni yake, kaka. Ikichanika, tajiri anajua palikaa mtu." Nailoni ya siti, kumbe, inafanya kazi ya ule mfuko wenye mpaka mwekundu.

Malori makubwa yana sili za chuma na vifaa vya kielektroniki vinavyotuma mahali lilipo gari kwenye chumba cha uangalizi cha Mamlaka ya Mapato. Mlango ukifunguliwa njiani, au lori likichepuka, taarifa hufika. Kabla ya teknolojia hiyo mambo yalitegemea macho zaidi: Misugusugu, upande wa Kibaha, palikuwa na kituo cha ukaguzi kilichojulikana na kila dereva. Sukari ya transiti iliyoishia kwenye maduka ya Manzese si hadithi mpya, na bei yake ilivyokuwa ndogo kila mtu alielewa kwa nini, akanunua.

KWALA

Kutoka Vigwaza kwenda Kwala imejengwa barabara ya zege ya kilomita kumi na tano na ushee. Kabla yake hapa palikuwa na vichaka, ng'ombe wa wafugaji waliohamia na mashamba ya ufuta. Zege lile si la kuwapendezesha wanakijiji. Ni la kubeba kontena zisizo na huruma na lami.

Bandari Kavu ya Kwala ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 31 Julai 2025, pamoja na usafirishaji wa mizigo kwa reli ya kisasa. Imepewa hekta 502 na imepangwa kupokea makontena 823 kwa siku. Hesabu yake ni rahisi: Bandari ya Dar es Salaam imebanwa na mji, meli zinangoja, malori yanaziba barabara za Temeke. Mzigo ukitolewa melini na kupandishwa treni moja kwa moja hadi huku, kilomita zipatazo 90, foleni yote inahamia porini ambako kuna nafasi. Nchi jirani, zikiwemo Kongo, Burundi, Rwanda na Zambia, zimegawiwa maeneo yao ya kuhifadhia.

Ukisimama nje ya uzio, unachokiona ni rangi. Makontena yamepandana, mekundu, ya bluu, ya kijani, na kati yake mashine za kunyanyulia zikitembea kwa sauti ya mlio wa tahadhari usiokoma. Upande wa pili wa barabara mama mmoja amefungua banda la chai kwa mabati mapya. Vitumbua vyake huisha kabla ya saa tatu asubuhi. Kijana aliyevaa kizibao cha rangi ya chungwa alisema kilichomshangaza alipoanza kazi ni kwamba hajui ndani kuna nini. "Unabeba, unashusha. Labda friji, labda dawa. Inakwenda Bujumbura, basi."

Wapo wanaodhani kuwapa Wakongo na Warundi eneo ndani ya ardhi yetu ni jambo geni. Lina zaidi ya miaka mia moja. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wabelgiji, waliokuwa wameiteka Tabora na Kigoma, walikubali kurudi nyuma kwa bei. Mkataba wa 1921 kati yao na Waingereza uliwapa gati Dar es Salaam na jingine Kigoma, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, na haki ya kupitisha mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi kwa reli bila kulipa ushuru wa Tanganyika. Mahali hapo paliitwa Belbase. Treni zake zilipita Pugu, Soga na Ruvu, humu humu, milango imefungwa. Shannon ilikuwa bado haina uwanja wa ndege, na O'Regan alikuwa mtoto.

Serikali huru ilipokuja ilijiuliza, kwa haki kabisa, ni nchi gani inayokodisha bandari kwa faranga moja. Kwala ni jibu la aina yake. Mzigo haulipi ushuru bado, lakini hulipa huduma: kushusha, kuhifadhi, kusafirisha. Tena kuna kichekesho kidogo ndani yake. Tanzania ilianzisha tozo ya maendeleo ya reli mwaka 2015, asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingizwa kutumika nchini. Mwenye duka la Mlandizi aliyeagiza majokofu amechangia reli. Jokofu linalokwenda Bujumbura kwa treni hiyohiyo halikuchangia tozo, lakini ndilo litakalolipa nauli, na bila nauli hiyo reli ile haina hesabu.

KIBAHA

Kurudi mjini Kibaha ni kushuka na Barabara ya Morogoro kuelekea mashariki, kupitia Misugusugu, Kwa Mathias, Tumbi na kituo kinachoitwa Picha ya Ndege. Hapa ndipo makao ya Mkoa wa Pwani, na hapa nchi za Nordiki zilianzisha mwaka 1963 mradi wa shule, hospitali na kilimo ambao ulikabidhiwa kwa Tanzania 1970 na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Waliosoma katika shule yake ya sekondari wamo serikalini, hospitalini, na kwenye ndege za kila siku. Karibu yake kuna Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, ya vyama sita vya ukombozi vya kusini mwa Afrika, iliyofunguliwa Februari 2022. Wageni wake hutoka Luanda, Windhoek, Maputo, Harare na Pretoria, nao ni wateja wazuri wa maduka ya Maili Moja.

Katika duka moja la vipodozi hapo Maili Moja, dada mwenye duka husafiri mwenyewe kwenda Guangzhou na Dubai. Yeye ndiye aliyenieleza sheria za kuunganisha ndege vizuri kuliko tangazo lolote la uwanjani, huku akipanga kope za bandia kwenye kabati la kioo.

La kwanza alilojifunza kwa kuumia. Alinunua manukato kwenye uwanja mmoja, yakafungwa kwenye mfuko, akiwa ndani ya ndege akaufungua ili jirani yake anuse. Kwenye uwanja wa kuunganishia afisa aliutazama mdomo wa mfuko, akaitoa chupa, akaitia kwenye pipa. Hakukuwa na mjadala. Mfuko uliofunguliwa ni chupa ya kawaida, na chupa ya kawaida inayozidi mililita 100 haipiti. Siku hizi vimiminika huvinunua uwanja wa mwisho tu, akishavuka ukaguzi, ndege inayofuata ikiwa ni ya Dar es Salaam.

La pili ni la wanaokwenda Marekani, na alilipata kwa mdogo wake anayeishi huko. Anayeingia Marekani kwa kawaida huchukua begi lake kwenye uwanja wa kwanza anaotua, hata kama safari inaendelea, na kulipitisha forodhani kabla ya kulirudisha. Huko wanairuhusu chupa iliyofungwa kwenye mfuko na kununuliwa ndani ya saa 48, lakini mdogo wake hajisumbui: akishika begi huitia chupa katikati ya nguo na kulikabidhi tena. Na pombe yenye nguvu ya zaidi ya asilimia 70 haipandi ndege kabisa, iwe begini au mkononi.

Kuhusu kikomo cha ushuru, watu wengi huchanganya. Nchi unayounganishia haikuhesabii chupa zako maadamu hukutoka kwenye eneo la abiria wanaopita. Inayohesabu ni ile unayoingia. Ndiyo maana mtu anaweza kuizunguka Doha na whisky yake bila kuulizwa, kisha akatua Jeddah na kunyang'anywa, kwa kuwa Saudi Arabia hairuhusu abiria kuingia na pombe. Kwa huku kwetu, sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inamruhusu mwenye miaka 18 na kuendelea lita 1 ya pombe kali au lita 2 za mvinyo, na tumbaku ya gramu 250. Marashi na maji ya kunukia kwa pamoja yasizidi nusu lita, na marashi yenyewe yasizidi robo. Mkazi aliyerudi baada ya kukaa nje zaidi ya saa 24 kwa miaka mingi alikuwa na nafasi ya vitu vingine vya thamani ya dola 500, kile kikomo kilichozua kelele nyingi Kenya mnamo Novemba 2023 maafisa walipoanza kufungua masanduku pale Nairobi.

Yote hayo ni kwa matumizi binafsi. Chupa sita zinazofanana, zote kwenye maboksi, ni bidhaa, na afisa hahitaji miwani kuliona hilo. Dada huyu hupita njia nyekundu. Anatoa ankara zake, anakadiriwa, analipa ushuru na asilimia 18 ya VAT, anapewa stakabadhi. Anasema wenzake wanaogawa chupa kwa abiria wasiowajua ili wawavushie wanajisumbua, na mbaya zaidi wanawapa watu wasiowajua mzigo usiojulikana ni wa nani.

Tukiwa tunaongea aliingia binti mmoja, mwanafunzi kwa sare yake, akachukua chupa moja, akakinusa kizibo, akauliza bei. Alipotajiwa aliguna.

"Dada, si ya dyutifrii hii? Mbona ghali?"

Dada akafungua droo, akaitoa stakabadhi ya forodha, akailaza juu ya kioo ili binti aisome mwenyewe, mstari kwa mstari. Kisha akampunguzia elfu mbili.